Muzee wa Chuma na Salamu za Wafu

Siku ya kuondoa matanga ya Muzee wa Chuma, watu wote waliniangalia mimi. Walikuwa wamekaa chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani. Bugali na sombe ya majani ya muhogo vilikuwa vimekwisha kuliwa, mchungaji amesema yake, mtoto wa marehemu ameshukuru watu. Kila mtu wa parseli yetu, yaani kiwanja hiki chetu chenye nyumba nne na choo kimoja, alijua kuna jambo limebaki. Yule muzee alikuwa na wimbo wake mfupi, mfupi hata haufikii kuitwa wimbo, na uzee wake wote aliuhangaikia huo: nani atautoa siku akifa? Bunia nzima mtu aliyebaki anaujua ni mimi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Nami nikakaa, nikafunga mdomo, nikaangalia vidole vyangu.

Mama mmoja wa korale, kwaya ya kanisa, akaninong'oneza, "Mama mushonaji, si uimbe?"

"Hapana."

"Ata kidogo tu?"

"Ata kidogo."

Tangu siku ile wananisema. Eti nina roho ngumu. Eti miaka yote tumegawana chumvi na makaa na yule muzee, halafu kumwimbia mara moja tu kumenishinda. Wacha waseme, mdomo wa mtu haufungwi kwa uzi, na uzi ninao mwingi. Lakini leo nimechoka, nitamsema yeye kama nilivyomjua, na mkifika mwisho mtajua kwa nini nilinyamaza.

Alizaliwa wapi, baba yake nani, kabila gani, hayo msiniulize. Huku kwetu maswali hayo yameshaua watu wa kutosha.

Jina la Muzee wa Chuma nilimpa mimi. Alihamia nyumba ya pili mchana mmoja wa mvua, na sanduku moja, kigoda, na kitu kirefu amekifunga katika blanketi. Kabla jua halijazama nikasikia mwanamke analia upande wake. Si kulia kwa kelele, ni kule kulia kwa mtu aliyezuia sana ikamshinda. Nikaacha cherehani yangu, nikatoka na makasi mkononi, nikagonga mlango wake kwa nguvu.

"Papa, umeleta nani humu? Munamupiga juu ya nini?"

Akafungua. Alikuwa peke yake, amekaa, gitaa limelala juu ya magoti yake kama mtoto anayebadilishwa nguo. Akanionyesha kipande cha chuma mkononi mwake.

"Mama, hakuna mutu. Iko chuma tu."

Nilisimama pale na makasi yangu kama mpumbavu. Yeye akacheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo, akitaka kunichokoza, alikuwa anauliza, "Mama, leo hauleti makasi?"

Gitaa lenyewe lilikuwa la kawaida, la mbao, limepasuka ubavuni na kupigwa gundi. Ila nyuzi zake zilikuwa zimeinuliwa juu sana kwa kipande cha mfupa wa ng'ombe, mtu asingeweza kuzikandamiza kwa kidole hata akitaka. Yeye hakukandamiza. Alishika kile chuma kwa mkono wa kushoto akakitelezesha juu ya nyuzi, na kwa mkono wa kuume akazidonoa. Chuma kilitoka ndani ya pistoni ya lori, ni ule msumari mnene wa ndani, laini, unang'aa. Nyuzi mbili zikikatika na dukani hakuna, aliweka waya wa breki ya baiskeli. Nilimwuliza kwa nini asipige kama watu wengine wanavyopiga, gitaa kifuani.

"Gitaa ya bengine inapanda ngazi," akasema. "Kidato, kidato. Mutu mwenye kulia hapandi ngazi, mama. Anateleza."

Na tena alikuwa anapenda kusema, na "njo" yake ni "ndiyo": "Mukono ya kuume inasema. Ya kushoto njo inalia."

Sasa mtu wa maneno hayo ungefikiri ni mtu wa huzuni. Akaa! Alikuwa mtani, mbishi, na mwenye majivuno ya viatu. Alikuwa na viatu vyeupe. Vyeupe, hapa Bunia, katika vumbi hili jekundu linaloingia hata ndani ya yai! Akiitwa kwenye kilio au ndoa alivitia ndani ya mfuko, akatembea na kandambili, na akifika mlangoni pa watu ndipo anakaa juu ya jiwe, anajipangusa miguu kwa kitambaa, anavaa. Wafiwa wanamngoja. Yeye anafunga kamba. Siku moja nilimwambia kwamba maiti haiangalii viatu. Akanijibu kwamba hata mimi nashona upindo ndani ya nguo, na nani anauangalia?

Na uchoyo wa sukari! Chai yake alikupa moto, katika kikombe kizuri, halafu unaonja, hakuna kitu. Unamwambia, "Papa, sukari?" Anasema, "Koroga, mama, iko chini." Unakoroga mpaka mkono unauma. Sukari alikuwa nayo, ndani ya kopo la maziwa, chini ya kitanda, watu wote tulijua. Lakini mtu huyohuyo, wakati watu wa Djugu walipoanza kukimbia vita na kuingia mjini na godoro kichwani na watoto mgongoni, alifungua nyumba yake kwa familia nzima asiyoijua. Walikaa mvua zote za mwaka ule. Yeye alilala jikoni juu ya mkeka, karibu na mafiga, gitaa amelitundika juu ya moshi. Kitanda aliwapa wao, blanketi aliwapa wao. Kopo la sukari alilihamisha akalileta kwangu nimfichie.

Nilimwuliza, "Papa, weye ni mutu gani?"

"Niache, mama. Batanimalizia byote, unibakishie sukari."

Kwenye kilio, kabla ya kupiga, alikuwa na desturi yake. Alikaa kwanza na ndugu wa marehemu, pembeni, akauliza swali moja tu: alikuwa anaita watoto namna gani? Haulizi marehemu alifanya kazi gani, wala alipenda wimbo upi. Wanamwambia, basi alikuwa anaita hivi, anavuta hivi, jina la mwisho analikata hivi. Wengine wanaiga wakicheka, wengine wanashindwa katikati. Yeye anasikiliza na sikio lake la kuume, maana la kushoto lilikuwa halisikii vizuri. Kisha anakwenda kwenye kigoda chake. Na kile chuma kinaanza kuita.

Nilimwona mara nyingi, lakini nitasema ile ya mama mwuza samaki. Alikuwa anapanda na sambaza, vile visamaki vya ziwani, kutoka Kasenyi, mama mnene, mcheshi, watu wa soko walimpenda. Alikuwa akifika nyumbani anaita binti yake kutoka barabarani, kabla hajatua beseni, jina linavutwa linazunguka mtaa mzima. Muzee wa Chuma alipopiga mwito ule, binti aliyekuwa amelala kwenye mkeka, siku mbili hajala, akainuka wima akaitika, "Mama! Niko!" Akatazama mlangoni. Yooo, jamani. Wanawake walianguka.

Yeye akaacha hapohapo. Akatia chuma mfukoni, akavua viatu vyeupe, akarudi nyumbani na kandambili zake. Wafiwa walikuja kumwomba arudi amalizie, maana hata dua ilikuwa bado. Alikataa.

"Ameitika," akasema. "Nipige tena juu ya nini? Nimudanganye mara ya pili?"

Macho yake kwenye kilio yalikuwa makavu siku zote, makavu kama ya daktari. Lakini mchukue kwenye ndoa! Anapiga rumba, bibi arusi anacheza, watu wanatupa vitambaa, yeye machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Watu waligeuza kuwa kichekesho, walisema mlipeni muzee alie. Nilipomwuliza alisema kwenye kilio yuko kazini. Kwenye ndoa hana kazi, anakumbuka.

Aliokuwa anawakumbuka walikuwa watatu. Hapa ndipo pa kusikiliza vizuri.

Katika siku za ujana wao, wapiga gitaa la magotini katika Ituri yetu walikuwa wanne. Yeye hapa Bunia. Mmoja mvuvi, kule chini Kasenyi. Mmoja fundi wa malori, Iga Barrière, ndiye aliyemtolea kile chuma ndani ya injini iliyokufa. Na mmoja mwoka mikate, mbali kule Nia-Nia, njia ya msituni. Walikuwa wanakutana kwenye sherehe kubwa, wanagombana nani aketi katikati, wanapendana. Kila mmoja alikuwa na salamu yake, kipande kidogo cha sauti cha kufungulia, ili hata mtu aliye nje ya ua ajue ni nani amekaa. Salamu ya mtu haipigwi na mwingine. Hata kwa mchezo. Lakini mmoja akifa, waliobaki wanaipiga kwenye matanga yake, na toka hapo kila wanapokaa kupiga wanaanza na salamu yake kabla ya zao. "Bafu banapita mbele," ndivyo alivyoniambia, wafu kwanza. Kwa hiyo kupiga salamu ya mtu ni kumzika. Nilimwuliza kama ni mambo ya uchawi. Alikasirika kidogo, akasema ni adabu.

Wa kwanza kwenda alikuwa mvuvi wa Kasenyi, ziwa lilimchukua na mtumbwi wake. Salamu yake ilikuwa fupi, inapanda mwisho, kama mtu anayeuliza "uko?" Wa pili, fundi wa Iga Barrière. Yeye wauaji walimkuta nyumbani kwake, katika wakati ule mbaya, na njia ilikuwa imefungwa, hakuna aliyeweza kwenda kuzika. Muzee wa Chuma alimpigia hapahapa uani kwetu, mchana, na wale watu wa Djugu aliowapa kitanda wakiwa wamekaa mbele yake. Nyuzi mbili nene kwa pamoja, nzito, zinakwaruza. Salamu ya mtu mwenye mafuta ya gari mikononi. Wale wageni hawakumjua yule fundi, lakini mzee wao mmoja alivua kofia akaishika mpaka mwisho.

Na kila mara, baada ya salamu za wafu, inakuja ya kwake. Ilianza juu, ikashuka polepole, na ikiwa karibu kufika chini inasimama. Inangoja. Unafikiri haitafika. Halafu inafika. Nimeisikia kupitia ukuta ule wa tofali za udongo miaka yangu yote hapa, asubuhi akijaribu nyuzi, jioni akipitisha muda. Iliniingia bila kuniomba ruhusa. Siku moja niko kwenye cherehani, nashona sare ya korale, mguu unaenda, mdomo nao unaenda wenyewe, na ukuta ukagongwa, pu, pu, pu!

"Mama! Ningali hai!"

Nikashtuka mpaka sindano ikanichoma. Nilikuwa naimba salamu yake. Nikaomba radhi kupitia ukuta, naye akasema sawa, lakini baadaye nilimsikia anaipiga mwenyewe, mara mbili, tatu, kama mtu anayepapasa mfukoni kuhakikisha kitu chake kipo.

Yule wa Nia-Nia ndiye alimvunja.

Habari zilikuja na dereva wa lori. Kwamba watu wenye bunduki waliingia Nia-Nia alfajiri, walichoma upande wa soko, na mwoka mikate aliungua akafa katika chumba cha tanuri lake. Dereva wa pili alisema vilevile. Simu haikuita. Muzee wa Chuma alikaa siku kadhaa bila kula, akingoja mtu aseme hapana, na hakuna mtu aliyesema. Basi akavaa viatu vyeupe, tukawasha moto uani, nikapika chai, sukari alitoa yeye mwenyewe bila kuombwa, na akapiga salamu ya Nia-Nia. Ilikuwa nzuri kuliko zote, nasema kweli. Ilikuwa inacheza, inarukaruka, ilikuwa na kicheko ndani. Na kuanzia hapo aliipiga kila alipoitwa, katika ndoa za Bunia na vilio vya Bunia, ya tatu katika safu.

Msimu ukapita. Adhuhuri moja niko mlangoni nakata kitambaa, akaingia mtu mwembamba, shingo imeungua upande mmoja, vumbi la lori mwilini mwote. Akasalimia vizuri. Akauliza kama hapa ndipo anapokaa mpiga gitaa.

"Ni hapa, papa. Tuseme nani?"

"Useme nimekuja kwa kilio yangu."

Alikuwa ametoroka, akafichwa na watu msituni, akaugua huko, akapona. Na akiwa njiani kurudi, mtu aliyetoka ndoa huku alimwambia: tumekusikia Bunia, wanakupiga katikati ya wafu.

Muzee wa Chuma alitoka nje, akamwona. Alipiga kelele ya furaha, akafungua mikono, nami nikaanza kulia kwa furaha yao. Yule hakusogea. Nikamletea kiti, akakaa. Nikamletea maji ya kunywa, kama tunavyofanya kwa kila mgeni. Akayaangalia, akayaweka chini.

"Maiti hainywi maji," akasema.

"Ndugu yangu," Muzee wa Chuma akamwambia, "balisema umekufa. Batu babili balisema."

"Na weye ulikuwa na haraka gani?"

"Nilingoja."

"Ulingoja simu. Haukungoja mimi."

Walisemezana pale mpaka kivuli kikahama. Muzee wa Chuma aliomba radhi kwa kila namna. Alisema ataacha kuipiga, itakuwa kama haikupigwa. Yule akasema mtu akizikwa amezikwa, udongo hauhesabu makosa. Alisema tangu asikie habari ile amejaribu kuipiga salamu yake mwenyewe, na kila akiianza anajisikia anaiba kitu cha marehemu. Aliinuka, na mlangoni pa ua akageuka.

"Siku nikikufa kweli, usinipige. Umeshanipiga."

Maji yalibaki palepale chini. Muzee wa Chuma hakutaka niyamwage, yalikauka yenyewe.

Alijaribu kupatana. Alituma nyuzi mpya kwa mkono wa dereva, nyuzi nzuri za kutoka Uganda, zikarudi na pakiti haijafunguliwa. Alituma shati nililolishona mimi, nalo likarudi. Halafu habari ikaja kwamba mwoka mikate amekufa, safari hii kwa ugonjwa, kitandani kwake, na safari hii dereva alikuwa ameona kaburi kwa macho.

Nilikaa naye siku hiyo. Alilitia gitaa magotini, akapiga Kasenyi, akapiga Iga Barrière. Ikafika zamu ya tatu. Akatelezesha chuma juu ya nyuzi, mahali pote panapostahili, juu, chini, kuruka, kuruka. Mkono wa kuume akauacha umelala juu ya paja. Hakudonoa kitu. Ulisikia kile chuma tu kikisugua waya, shhh, shhh. Mkono ule unaolia unatembea, na ule unaosema umenyamaza. Kisha akapiga ya kwake.

Toka siku ile alipiga hivyo kila mahali. Watu wasiojua walifikiri muzee amesahau, walipiga makofi kumtia moyo. Mimi nilikuwa nainamisha kichwa.

Baada ya hapo utani ulimpungua, na hofu ile ya nani ataipiga salamu yake ikawa wazi. Vijana wa kanisa walikuja kumwangalia, wakamsifu, wakauliza kama gitaa lake linaweza kuunganishwa na simu. Wakarudi kwenye vinanda vyao vya umeme. Siwalaumu, kila mtu na wakati wake. Yeye alisema, "Wa mwisho anazika bote, mama. Yeye mwenyewe anabaki inje."

"Nitakuimbia mimi," nikamwambia. "Si naijua?"

"Weye? Sauti yako iko ya cherehani."

Nilidhani atacheka, hakucheka. Aliniuliza polepole, "Unaijua yote? Ata pale inasimama?" Nikasema naijua. Akatazama pembeni. Na mimi, kusema kweli, niliumia. Mtu ameliza mji mzima kwa ajili ya wafu wa watu, anakuja kuwa ombaomba wa kipande kidogo cha sauti.

Kisha upande wake wa kushoto ukafa. Asubuhi moja sikusikia nyuzi, tulipoingia tulimkuta chini, mdomo umepinda, mkono wa kushoto umelala kando yake kama si wake. Binti yake alikuja kumchukua, akampeleka kwake ng'ambo ya mto Nyamukau. Nyumba ya pili ikapangishwa kwa mtu wa pikipiki. Ukuta ukawa ukuta tu.

Nilikwenda kumwona Jumapili, baada ya ibada. Nilikuwa nimemshonea shati jeupe, lilingane na viatu, na mkono wa kushoto wa shati niliupasua kutoka begani mpaka kwenye kiwiko nikatia vifungo, ili usimsumbue kuvaa. Nilimkuta uani, kwenye kiti, juani. Gitaa lilikuwa limeegemea ukuta. Viatu vyeupe alikuwa amevivaa, hapo nyumbani, juu ya udongo.

"Mama," akasema, maneno yakimtoka upande mmoja, "leo hauleti makasi?"

Tulicheka. Nikamvalisha shati, nikafunga vifungo kimoja kimoja. Aliushika ule mkono uliokufa kwa mkono mzima, akauinua, akauacha uanguke.

"Mwenye kulia amekufa," akasema. "Amebaki mwenye kusema tu. Na huyu ata kusema hana."

Nikanyoosha kola yake. Akaniangalia sana.

"Imba, mama."

"Niimbe nini?"

"Anza Kasenyi."

Nikaimba Kasenyi, kwa pua, kwa aibu, binti yake akisonga bugali jikoni. Nikaimba Iga Barrière, nzito, nikakohoa katikati. Akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Ilipofika Nia-Nia akatoa chuma mfukoni, akanipa. Kilikuwa na joto la mwili wake, na kizito kuliko nilivyofikiri miaka yote. Nikalaza gitaa juu ya magoti yangu, juu ya kitenge changu cha kanisani, nikatelezesha. Shhh. Shhh. Mkono wa kuume nikauweka pajani kama alivyokuwa akifanya yeye.

"Endelea," akasema.

"Basi, papa. Zimekwisha."

"Hazijaisha."

"Papa, ungali hai! Siwezi. Weye mwenyewe uligonga ukuta."

Akavuta pumzi. Alisema polepole, kwa taabu, na mara mbili ilibidi nimwombe arudie.

"Ule wa Nia-Nia alikasirika. Alikuwa na haki. Lakini mama, siye bote bane, yeye peke yake njo alijua. Alijua kama akikufa, kuko mutu atavaa viatu, atakaa, atamulilia. Mvuvi hakujua. Fundi hakujua. Mimi nitaenda bila kujua?" Jicho lake la kuume lilikuwa kavu, la kushoto lilitiririka lenyewe, kwa sababu ya ugonjwa au kwa sababu nyingine. "Nizike sasa, mama. Niko nasikia."

Nililia kwanza. Sikuficha. Kisha nikajifuta na ncha ya kitenge, nikakaa sawa, nikaimba salamu yake. Nikaanzia juu. Nikashuka. Pale inaposimama nikasimama, nikangoja, naye akafumba macho akangoja na mimi, kuku wanadonoa kando ya viatu vyake, binti ameacha kusonga kule jikoni. Nikaifikisha chini.

Kisha akasema, "Pale mwisho umeipandisha kidogo. Yangu inalala."

"Nirudie?"

"Hapana, acha. Ukuta njo ulikusikilizisha vile." Akanishika mkono. "Siku ile, usiniimbe tena. Batakuangalia. Uwaache."

"Batanisema, papa."

"Si ni mudomo yao?"

Binti akaja na maji katika kikombe cha bati, macho mekundu, akampa. Muzee akayaangalia, akayasogeza pembeni kwa mkono wake mzima, na ule upande wa mdomo uliobaki hai ukaanza kucheka.

"Maiti hainywi maji."

"Kunywa, papa," nikamwambia.

Nikamshikia kikombe. Alikunywa yote.